Kurudishwa Mutukula: Sheria Inavyomtazama Msafiri Aliyenyimwa Ruhusa ya Kuingia

Kukataliwa kuingia ni uamuzi wa kiutawala unaotolewa na afisa uhamiaji wa nchi inayoendewa, iwe mpakani, bandarini au katika kiwanja cha ndege, kwamba mtu aliyesimama mbele yake hakutimiza masharti ya kupewa ruhusa ya kuingia. Uamuzi huo si hukumu, kwa kuwa hakuna kosa lililothibitishwa mbele ya hakimu, wala si kufukuzwa nchini, kwa kuwa anayefukuzwa ni yule ambaye tayari amekwisha kuingia na sasa anatakiwa kuondoka. Kwa mkazi wa Bukoba au Muleba tofauti hizo si za vitabuni tu. Barabara inayotoka Muleba na kupita Bukoba na Kyaka inafika Mutukula, wilayani Missenyi, kilomita takriban 80 kutoka mjini Bukoba, na ng'ambo ya pili ni Uganda, ambako watu wa mkoa wa Kagera huenda kununua bidhaa, kusomesha watoto, kutibiwa, kuoa na kuzika. Mpaka wenyewe ni mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini ya ikweta, uliokubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1890 bila kujali mto Kagera wala makazi ya watu, na kwa sababu hiyo wengi wanaouvuka huona wanakwenda kwa ndugu zao, na hushangaa wanapoambiwa kuwa hawawezi kupita.

Tangu kuzinduliwa kwa Kituo cha Utoaji Huduma kwa Pamoja Mpakani mwezi Novemba 2017, utaratibu wa Mutukula ni tofauti na ule wa zamani, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa anayekataliwa. Zamani msafiri aligongewa muhuri wa kutoka katika jengo la Tanzania, akavuka, kisha akajieleza upya katika jengo la Uganda. Sasa anayetoka Tanzania huhudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili katika jengo moja lililo upande wa Uganda, na anayetoka Uganda hufanyiwa hivyo hivyo upande wa Tanzania, kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayosimamia vituo vya aina hiyo. Sheria hiyo inatambua eneo maalumu la ukaguzi, yaani sehemu ya ardhi ya nchi moja ambamo maafisa wa nchi jirani wanaruhusiwa kutekeleza sheria za nchi yao. Hivyo Mtanzania anayekataliwa na afisa wa Uganda akiwa katika jengo lililo kwenye ardhi ya Uganda huhesabiwa kuwa hakuingia Uganda. Nchi anayotoka haipaswi kukataa kumpokea tena, na muhuri wa kutoka aliogongewa dakika chache kabla hubatilishwa. Msafiri ahakikishe kwa macho yake mwenyewe kwamba ubatilisho huo umeandikwa katika pasipoti, kwa sababu kumbukumbu inayoonyesha kwamba alitoka bila kuonyesha kwamba alirudi humletea maswali katika safari inayofuata.

Sababu inayowarudisha wengi haina makuu: ni karatasi. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 kwamba raia wao wavuke mipaka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, na jambo hilo linaruhusiwa na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo inaziachia nchi zinazopenda kukubaliana hivyo zifanye hivyo. Tanzania haikujiunga na makubaliano hayo, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA, hata kikiwa halali na kipya, hakitoshi kuwa hati ya kusafiria. Anayetoka Muleba anapaswa kuwa na pasipoti, au Hati ya Dharura ya Safari, ambayo ni hati ya muda inayotolewa na Idara ya Uhamiaji kwa raia asiye na pasipoti. Wapo pia wanaorudishwa kwa sababu pasipoti imebakiza muda mfupi kumalizika, imechanika au kulowa, au kwa sababu tarehe ya kuzaliwa iliyo ndani yake hailingani na ile ya hati nyingine walizobeba.

Baada ya hati ya kusafiria hufuata cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, cheti hicho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote ya aliyechanjwa, kwa hiyo anayechanjwa asubuhi ya safari na kupewa kadi siku hiyo hiyo bado hajatimiza sharti. Hapa ndipo vishoka wanapowaumiza wasafiri kwa kuwauzia kadi zisizo na chanjo nyuma yake. Msafiri aliyekosa kadi huweza kuambiwa achanjwe au arudi nyumbani, lakini aliyeshika kadi ya kughushi amejiingiza katika kosa la jinai, na suala lake halihusu tena masharti ya kuingia.

Sababu za kiafya zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa Kagera imezipitia kwa uchungu. Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, ambapo watu 9 waliugua na 6 kati yao walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa tena, safari hii Biharamulo. Upande wa pili, Uganda ilikuwa na Ebola kuanzia Septemba 2022, na wakati wa korona mwaka 2020 ilifunga mipaka yake kwa abiria, ikaacha malori yapite, kisha ikawarudisha madereva wa nje waliokutwa na maambukizi. Katika nyakati kama hizo msafiri hupimwa joto la mwili, huulizwa alikotoka katika siku 21 zilizopita, ambazo ndizo muda mrefu zaidi ambao virusi vya Marburg na Ebola huweza kukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana, na akiwa na homa hutengwa ili achunguzwe. Kutengwa si kukataliwa. Raia wa nchi inayoingiwa hawezi kurudishwa nje kwa sababu ya homa, bali hupelekwa mahali pa uangalizi ndani ya nchi yake, ilhali mgeni huweza kuzuiwa. Shirika la Afya Duniani halikupendekeza vizuizi vya safari dhidi ya Tanzania katika milipuko hiyo, na ushauri huo ulikuwa wa busara, kwa sababu mtu mwenye hofu ya kuzuiwa kituoni huitafuta njia ya panya, na huko hakuna anayempima.

Kundi la tatu la sababu linahusu nia ya safari. Kanuni za Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, zinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza na kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6 bila malipo, lakini ruhusa hiyo ni ya mtembezi. Anayekwenda kufanya kazi anahitaji kibali cha kazi, na anayekwenda shule anahitaji ruhusa ya mwanafunzi. Kijana anayesema anakwenda kusalimia shangazi, huku begi lake likiwa na vyeti vya shule, barua ya mwajiri na vifaa vya ufundi, humpa afisa sababu ya kuyatilia shaka maneno yake yote. Kwa watoto ukali ni mkubwa zaidi, na inafaa uwe hivyo, kwa kuwa Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu mwaka 2008 na Uganda ikafuata mwaka uliofuata. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 anayerudi shuleni Uganda akisindikizwa na jirani au dereva asafiri na barua ya idhini ya wazazi, nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya shule, la sivyo atazuiwa mpaka mzazi apatikane.

Linalofuata baada ya mashaka kuzuka ni mahojiano ya pili. Afisa wa dirishani, ambaye ana dakika chache kwa kila mtu, humpeleka msafiri pembeni au katika chumba, ambako afisa mwingine humuuliza kwa undani anakwenda kwa nani, atakaa wapi, ana fedha kiasi gani na atarudi lini. Mizigo yake huweza kufunguliwa na alama za vidole kuchukuliwa, na mwenyeji wake huweza kupigiwa simu. Uamuzi wa mwisho hufanywa na mfawidhi wa kituo au afisa aliyepewa mamlaka hayo. Katika muda huo basi halisubiri sana, na jambo hilo, ingawa ni dogo kisheria, ndilo linalowafanya wengi wababaike na kujibu lolote ili wawahi kiti chao. Jibu la kweli lililo fupi humsaidia msafiri kuliko maelezo marefu yanayopingana, kwa sababu taarifa ya uongo kwa afisa uhamiaji ni kosa linalojitegemea, nalo huweza kumweka mahabusu mtu ambaye, kama angesema kweli, angerudishwa tu.

Gharama za kurudi humwangukia mtu tofauti kutegemea njia ya safari. Kwa ndege, taratibu zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 zinalitaka shirika lililomleta abiria asiyekubaliwa limwondoshe, ndiyo maana mashirika hukagua viza na pasipoti kabla ya kumpandisha mtu. Barabarani hali ni nyingine: nauli iliyolipwa hadi Kampala kwa kawaida hupotea, na abiria hushusha mizigo na kutafuta gari la kurudi Kyaka au Bukoba kwa fedha zake. Saa hiyo ya uchovu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa hujitokeza wanaojua njia za kupita mashambani kwa bodaboda, au wanaodai kwamba wanaweza "kuongea na watu". Rushwa ni kosa kwa mtoaji na mpokeaji chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2007, na kuvuka nje ya kituo baada ya kukataliwa humgeuza mtu asiye na kosa lolote kuwa mshtakiwa wa kuingia nchini kinyume cha sheria, mwenye kukabiliwa na faini, kifungo, na amri ya kufukuzwa ambayo itamfuata miaka mingi.

Wavuvi na wafanyabiashara wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Ikuza na Goziba, wako katika hali ngumu zaidi kuliko abiria wa basi. Ziwa Victoria halina uzio, na boti inayofuata samaki au soko huweza kufika maji ya Uganda, hata visiwa vya Ssese, bila kupita mbele ya dirisha lolote, na kwa hiyo mvuvi huyo hakataliwi kuingia bali hukamatwa akiwa ameingia. Sheria za nchi zote mbili zinataka anayeingia apitie kituo kilichotangazwa rasmi au aripoti kwa afisa uhamiaji wa karibu mara anapotia nanga. Sharti hilo lilitungwa kwa kufikiria bandari na barabara, na serikali zinazoshiriki ziwa moja zingewatendea haki wavuvi kwa kuwawekea utaratibu mwepesi wa visiwani, badala ya kumtaka mtu wa Goziba asafiri hadi Bukoba na Mutukula ili afike kisiwa kilicho ng'ambo ya maji anayovua kila usiku.

Kuhusu mipaka ya mamlaka ya afisa, Afrika Mashariki ina hukumu moja ambayo kila msafiri anapaswa kuifahamu. Tarehe 13 Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alifika Entebbe akiwa katika ujumbe wa tawi la Kenya la Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, uliokwenda kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake waliruhusiwa kuingia, yeye akazuiwa. Shirika la ndege lililomleta lilipewa ilani ya kumrudisha mhamiaji aliyepigwa marufuku, na siku hiyo hiyo akarudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Mhamiaji aliyepigwa marufuku ni jina la kisheria la mtu aliye katika kundi lisilotakiwa kuingia nchini, kama vile aliyewahi kufukuzwa, mwenye ugonjwa wa kuambukiza uliotajwa, au anayehesabiwa kuwa hatari kwa usalama. Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995 nayo ina kundi hilo, na watu hulijua kwa herufi mbili, PI. Mohochi alifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki jijini Arusha, na katika hukumu ya tarehe 17 Mei 2013 majaji waliamua kwamba kumzuia, kumshikilia na kumrudisha bila kumpa sababu wala nafasi ya kujieleza kulikiuka Mkataba wa Jumuiya pamoja na ibara ya 7 ya Itifaki ya Soko la Pamoja.

Uzito wa hukumu hiyo uko katika jinsi ilivyopanga mizigo ya pande mbili. Uganda ilijitetea kwa hoja ya mamlaka ya dola, kwamba kila nchi huru ina haki ya kuamua nani aingie, na mahakama haikuikana haki hiyo. Ilichosema ni kwamba nchi iliyoweka saini mkataba imekubali kuitumia haki hiyo kwa masharti. Itifaki inaruhusu vizuizi kwa sababu tatu tu, ambazo ni sera ya umma, usalama wa umma na afya ya umma, na nchi inayoweka kizuizi inatakiwa kuzijulisha nchi wanachama wenzake. Kwa hiyo raia wa Jumuiya anayefika mpakani hasimami hapo kama mwombaji wa fadhila. Ana haki, na anayeizuia ndiye mwenye kutakiwa kueleza. Kwa msafiri wa kawaida wa Mutukula maana yake ni kwamba anaweza, kwa adabu na bila kupaza sauti, kuomba uamuzi kwa maandishi wenye sababu, tarehe na cheo cha aliyeutoa. Nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen zina fomu maalumu ya kukataliwa ambayo afisa huijaza kwa kuchagua sababu zilizopangwa kwa herufi, na anayekataliwa hupewa nakala pamoja na maelezo ya mahali pa kukata rufaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ingekuwa na fomu moja ya namna hiyo kwa mipaka yake yote, kwa Kiswahili, ingepunguza kwa kiasi kikubwa manung'uniko na rushwa.

Kuna mtu mmoja ambaye kumrudisha mpakani ni kosa hata akiwa hana karatasi yoyote, naye ni mkimbizi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unataja waziwazi kukataliwa mpakani kuwa miongoni mwa mambo yaliyokatazwa iwapo yatamrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Kagera iliona pande zote mbili za sheria hiyo: mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipokelewa Ngara kupitia Rusumo kwa muda unaokaribia siku moja, na tarehe 31 Machi 1995 Tanzania, ikilalamikia mzigo iliobebeshwa, ikaufunga mpaka wake na Burundi huku maelfu wengine wakiwa njiani. Mzigo ulikuwa wa kweli, na waliozuiwa walikuwa hatarini kweli.

Jambo zito kuliko yote ni kukataliwa na pande zote mbili. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 17, inampa raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia na haki ya kutofukuzwa, kwa hiyo raia hawezi kisheria kukataliwa katika mpaka wa nchi yake. Lakini haki hiyo inategemea kutambuliwa kwamba ni raia, na katika mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi utambuzi huo umewahi kuleta machungu. Mwaka 2013, katika operesheni iliyoitwa Kimbunga, maelfu ya watu waliondoshwa Kagera, Kigoma na Geita, na wapo waliodai kwamba walizaliwa Tanzania na hawakujua kwingine. Katika shauri la Anudo Ochieng Anudo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua tarehe 22 Machi 2018 kwamba Tanzania ilikiuka haki za mtu iliyemnyang'anya uraia na kumpeleka Kenya mwaka 2014, ambako nako alikataliwa, akabaki akiishi katika eneo lisilo la mtu karibu na Sirari. Tarehe 28 Novemba 2019 mahakama hiyo ilitoa hukumu nyingine kuhusu Robert John Penessis, aliyekuwa akishikiliwa katika gereza la Bukoba kwa kuhesabiwa mgeni aliyeingia kinyume cha sheria, na ikaona kwamba haki zake za uraia na uhuru zilivunjwa. Katika mashauri yote mawili swali kuu lilikuwa ni nani anapaswa kuthibitisha, na mahakama ilisema kwamba mtu akishaonyesha dalili za kutosha za uraia, serikali inayoukana ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kinyume chake. Kwa mkazi wa Muleba anayesafiri, cheti cha kuzaliwa, chake na cha mzazi, ni ulinzi usiopungua pasipoti, na anayechelewa kukipata kwa kudhani kwamba kila mtu kijijini anamjua hukumbuka umuhimu wake akiwa mahali ambapo hakuna anayemjua.

Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja katika Mahakama hiyo ya Afrika, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020, hivyo mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya ya namna hiyo. Uliobaki wazi ni ule wa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo humpokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama bila kumtaka amalize kwanza mahakama za nchi husika, ila kwa sharti moja kali: shauri lifunguliwe ndani ya miezi 2 tangu uamuzi ulipotolewa au ulipojulikana. Miezi 2 hupita haraka kwa mtu anayeanza kwa kutafuta wakili Bukoba, kuandika kwa Idara ya Uhamiaji na kusubiri majibu ya ubalozi, kwa hiyo mambo hayo yafanywe kwa pamoja, na kumbukumbu za siku ile, yaani saa, jengo, maneno yaliyosemwa, tiketi na picha ya ukurasa wa pasipoti, ziandikwe kabla hazijasahaulika. Wengi hawatakwenda mahakamani, nao watahitaji kumbukumbu hizo hizo kwa jambo jingine: fomu za viza za Uingereza, Marekani na nchi nyingine huuliza kama mwombaji amewahi kukataliwa kuingia katika nchi yoyote, na aliyerudishwa Mutukula anatakiwa kujibu ndiyo, akataja tarehe na sababu, kwa kuwa kurudishwa kwa kukosa cheti cha chanjo hueleweka kwa urahisi, ilhali kuficha jambo hilo huhesabiwa kuwa udanganyifu na huweza kumfungia mwombaji milango kwa miaka.